Pembeni Njo Wapi?

Kama umelala chali, mguu umefungwa, na kila anayeingia anakupa pole huku akiangalia bati la nyumba badala ya kukuangalia wewe, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Sitakueleza mfupa unaungaje. Sijui. Shule niliiacha darasa la tano, minerval, yaani karo, iliposhindikana nyumbani, na tangu hapo nilichojifunza nimejifunza kwa kuuliza watu na kwa kutembea. Nimelala kwenye baridi ya Kirungu, nikibeba viazi vya watu katika njia za milima. Nimekaa Kabalo mwaka mzima nikipakia mizigo ya treni, kwa sababu tu nilitaka kujua maji ya Lualaba yanaelekea wapi. Sijawahi kuwa na nyumba. Nilikuwa na miguu miwili, na hiyo ndiyo ilikuwa mali yangu. Kwa hiyo siku niliposikia neno "kukata", usidhani niliogopa maumivu. Niliogopa kubaki mahali pamoja.

Kiangazi kile nilikuwa Kalemie kwa dada yangu mkubwa, Yaya Feza, muuza ndagala, dagaa wa ziwani. Nyumba yake iko kando ya barabara kubwa. Zamani barabara hiyo ilikuwa mashimo matupu. Malori yalipita yakiinama huku na huku, pikipiki zilizunguka mashimo polepole kama mtu anayetafuta sindano, na bata wa jirani walioga katikati ya njia. Tulilalamika sana juu ya mashimo yale. Hakuna aliyejua kwamba yalikuwa yanatulinda.

Kisha ikaja lami. Siku ya kuifungua tulicheza, na mimi nilicheza kupita wengi. Ilikuwa nyeusi, laini, yenye upana wa magari mawili, na kila upande mfereji wa saruji wenye kina cha kufika kiunoni, bila kifuniko. Lami ilipoishia ndipo mfereji ulipoanzia. Kati ya viwili hivyo hapakuwa na mahali pa kuweka hata kikapu. Mbele ya nyumba zao watu walitupa mbao ili wavuke, na maisha yakaendelea.

Asubuhi moja nilikuwa nimebeba beseni la Yaya kwenda sokoni. Lori lilikuwa linakuja mbele yangu. Nyuma yangu ilikuwa pikipiki ya Papa Lukas, jirani yetu, shemasi, mtu asiyekunywa hata pombe ya harusi. Hakuwa na pa kupita kati yangu na lori. Alipiga honi, akaniambia lile neno ambalo kila mwenye tairi anamwambia kila mwenye miguu.

"Pembeni, ndugu."

Nikatii. Nilipiga hatua moja kwenda pembeni, na pembeni hapakuwepo. Pikipiki haikunigusa. Niliingia mferejini, na ukingo wa saruji ukaupokea mguu wangu wa kuume chini ya goti. Nilisikia mlio kabla ya kusikia maumivu, kama mtu anayevunja kuni kavu jikoni kwa jirani. Ndagala wakamwagika juu yangu. Nakumbuka niliwaza kwamba Yaya atagomba.

Watu walijaa. Wakasema nimegongwa na pikipiki. Wengine wakasema Papa Lukas siku hizi anakunywa kwa siri. Mama mmoja akasema kuna mtu amenitupia jicho. Niliwaambia kwamba ni mfereji. Wakanionea huruma, wakasema maumivu ndiyo yanayoongea.

Hospitalini tulikaa siku mbili kwenye kibaraza, mimi juu ya mkeka, Yaya juu ya benchi, tukingoja umeme ili mashine ya kupiga picha ya mifupa ifanye kazi. Jambo la kwanza utakalojifunza katika ugonjwa kama huu ni kungoja. Unajua nyufa zote za ukuta. Unajua viatu vya kila nesi kwa mlio wake. Karibu nasi alilala mzee aliyefunikwa shuka jeupe, na mahali ambapo mguu wake wa pili ungeinua shuka, shuka lililala tambarare. Yaya aliliangalia shuka lile siku nzima. Jioni ya pili aliniinamia.

"Hapa wanakata," akasema. "Twende kwa Papa Mulongo."

Sikubishana. Tuliondoka bila kumuaga mtu, kama wezi.

Papa Mulongo alikuwa fundi wa kuunga mifupa, na sitaki umcheke. Alikuwa na mikono inayosikiliza. Aliunyoosha mguu wangu huku akiniuliza habari za Kirungu ili nisahau, akaupaka dawa ya majani, akaufunga kwa vijiti. Kisha akaomba kuku. Hii ndiyo desturi ya mafundi wa kwetu: kuku anavunjwa mguu uleule, anafungwa vijiti vilevile, anapakwa dawa ileile. Wewe na kuku mnauguzwa pamoja. Siku kuku anapokanyaga chini bila kuchechemea, na wewe unafunguliwa. Kuku ndiye kalenda, na kuku ndiye picha ya mfupa.

Yaya alimleta mtetea mwekundu mwenye miguu ya manjano. Nilimuuliza Papa Mulongo maswali mengi mpaka akachoka. Mfupa wa kuku si mwepesi kuliko wangu? Na akikataa kula? Na akifa je?

"Akikufa, muniite mbio," alisema, akimwangalia Yaya. "Tunaanza upya na mwingine."

Wiki zile, nyumbani kwa Yaya, zilipimwa kwa kubadilisha dawa, kila siku ya tatu, kazi aliyoifanya Yaya mwenyewe. Mguu ulivimba, ukawa unang'aa kama biringanya, kisha ngozi ikaanza kubanduka. Chini ya vijiti paliwasha hata nikawa natia bua la mtama ndani kujikuna. Nilisaidiwa kukaa, nilisaidiwa kwenda chooni, na dada aliyeniacha mtoto mdogo akaolewa alinifuta tena kama mtoto. Hilo usilione dogo. Yalikuwepo maneno madogo baina yetu: kwamba nilikuja kwake kwa wiki mbili nikakaa, kwamba miaka yote ya kutembea sikumtumia hata salamu. Aliyasema akiwa amenipa mgongo, akichambua ndagala.

Wiki ya nne upepo wa ziwani ukaanza kubadilika, na Papa Mulongo akaja kutukagua wote wawili. Alimfungua kuku kwanza. Kuku alikimbia uwanja mzima, akaruka juu ya kinu. Majirani wakapiga makofi. Papa Mulongo alikunja uso kidogo, akasema huyu amepona haraka, lakini kuku hasemi uongo. Akanifungua. Akanishika mkono nisimame.

Nilisimama kwa muda wa pumzi moja. Kisha mguu ukapinda pale pasipo na kiungo, na safari hii mfupa ukatoboa ngozi.

Aliyenipeleka hospitalini ni Papa Lukas, kwa pikipiki, na kijana wa jirani akanishikilia kwa nyuma. Yaya hakutaka. Alikuwa hajajibu salamu ya Papa Lukas tangu siku ya ajali. Lakini hapakuwa na pikipiki nyingine iliyokubali kubeba damu.

Kidonda kiliingia uchafu. Siku ya tatu kilianza kunuka, na ngozi ya chini ikawa nyeusi. Daktari alikuwa mwanamke, kijana kuliko mimi, aliyeongea kama mtu asiye na muda wa kupamba. Alichukua kalamu ya Bic akachora mstari kuzunguka mguu wangu, vidole vinne juu ya weusi.

"Nakupa dawa siku tano," alisema. "Weusi ukivuka huu mstari, nakata juu yake. Usipovuka, tutaongea."

Nikamuuliza nani atakuwa anauangalia mstari. Akasema, "Weye. Si njo weye unauliza watu maswali tangu jana?" Njo, kwa Kiswahili cha kwetu, ni ndiyo.

Mguu ulikuwa umeinuliwa juu ya mito, nisiweze kuona upande wa nyuma. Mama aliyepanguza sakafu, ambaye hakuna aliyemjua jina, aliniletea kipande cha kioo kila asubuhi akimaliza kazi. Alikishika mwenyewe, akakigeuza pole pole kuuzunguka mguu, tukaangalia pamoja. Halafu alisema "bado", akaondoka na ndoo yake. Nimeombewa na watu wengi katika ugonjwa ule. Neno "bado" la mama yule ndilo lililonifaa.

Siku ya pili ya mstari, Yaya alikaa kwenye ukingo wa kitanda akiwa hajaleta chakula.

"Kuku ule alikufa," alisema.

"Kuku gani?"

"Wa mguu. Siku ya tisa. Alikata kamba, akaenda mpaka barabarani na vijiti vyake, pikipiki ikamukanyaga. Nikanunua mwingine sokoni, nikamufunga vijiti tu, mguu muzima."

"Papa Mulongo alisema akifa tumuite."

"Alisema vile. Mimi nilisikia ingine: kuku akikufa, na weye unamufuata." Alijifuta uso kwa kitenge. "Nilifikiri nikiweka mwingine pale, kifo kitakosea nyumba."

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimenyamaza wiki zile zote.

"Nilijua, Yaya. Wa kwanza alikuwa na miguu ya manjano. Huyu wa pili miguu yake ilikuwa myeusi."

Alishusha kitenge kutoka usoni.

"Ulijua? Weye, mutu wa kuuliza mpaka jina la mbwa wa watu? Na hukuuliza?"

"Nilitaka kuondoka," nikasema.

Hakunigombeza. Aliinuka, akaenda. Siku tatu alileta bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, akaweka juu ya kabati, akaondoka bila neno. Nilikula peke yangu na mstari wangu. Ndugu msomaji, watu watakuambia ugonjwa unaunganisha jamaa. Unaunganisha jinsi mfupa wangu ulivyoungwa mara ya kwanza.

Katika siku zile, kwa kuwa sikuweza kufanya kingine, nilianza kuwauliza wenzangu wa chumba kile walianguka wapi. Yupo aliyekuwa anavuka kwenda shuleni kumchukua mjukuu. Yupo aliyetoka kisimani. Yupo fundi wa baiskeli aliyekuwa amechutama mbele ya banda lake mwenyewe. Yupo mama kutoka kambi ya waliokimbia vita huko Katanika, aliyepona risasi, akaja kuvunjwa nyonga na teksi. Kila mmoja alikuwa na sababu yake: dereva mlevi, siku mbaya, jirani mbaya, Mungu. Mimi niliomba boksi tupu la dawa, nikalichana, nikachora barabara juu yake kwa kalamu, na kila aliponiambia mahali nikaweka msalaba. Misalaba haikutawanyika. Ilikaa pamoja kwenye kona iliyonyooshwa ili magari yaende mbio, penye shule, na katika kipande kile chetu ambapo mfereji umekula pembeni yote. Shetani gani huyo anayefuata kazi ya watu wa lami na kuacha sehemu nyingine zote?

Niliwaonyesha. Fundi wa baiskeli aliangalia sana. Akasema, "Kwa hiyo si bahati mbaya yangu." Akalia, mtu mzima, na nilijuta kumwonyesha. Bahati mbaya inavumilika. Kujua kwamba mtu alikaa mezani akachora jambo lile, hilo halimezeki.

Weusi ulisimama kidole kimoja chini ya mstari. Siku ya tano daktari aliuangalia, akabonyeza, akanusa, akasema, "Basi tuongee." Hakutabasamu. Nilimpenda kwa hilo.

Chuma kiliwekwa mvua za kwanza zilipoanza: misumari minne iliyopita katika ngozi mpaka mfupani, na fito za chuma nje kuishikilia. Kilitolewa wakati mahindi mabichi yanachomwa kando ya njia. Kati ya hapo niliusafisha kila tundu kwa maji ya chumvi, asubuhi na jioni, na harufu ya chumvi moto hata leo inanitia kichefuchefu. Mguu mgonjwa ulikonda ukawa kama bua. Mguu mzima ulinenepa kwa kazi ya wawili. Nilipowekwa kando kando ya ukuta kupimwa, mguu wa kuume ulikuwa mfupi kwa vidole viwili. Fundi wa viatu alinipigilia tabaka mbili za tairi chini ya sandali moja, nikawa sawa, isipokuwa mlio: tap, na kishindo. Papa Lukas alikuja kila Jumapili baada ya ibada, akakaa nami. Siku moja Yaya alimkuta pale, akamwekea kiti. Basi. Hakuna aliyesema msamaha.

Nilipoweza kutembea kwa magongo, nilikwenda na kile kipande cha boksi kwenye biro, yaani ofisi, ya watu wa barabara. Nilingoja asubuhi tatu. Injenia aliyenipokea alikuwa mtu wa heshima, aliniita Papa, akanipa kiti. Aliliangalia boksi langu bila kucheka. Kisha akatandaza karatasi kubwa ya kweli, mchoro wa barabara yetu kama ilivyokatwa kwa kisu. Nilifurahi kama mtoto, maana nilikuwa sijawahi kuona kitu kama hicho. Akanieleza: hapa gari moja, hapa gari la pili, hapa mteremko wa kumwaga mvua, hapa mfereji, upana huu, kina hiki, kwa sababu mvua ya Kalemie inajulikana.

"Na mutu wa mguu anapita wapi?" nikamuuliza.

"Anapita pembeni."

"Pembeni njo wapi, Papa? Nionyeshe."

Alishusha kidole juu ya karatasi. Kidole kikaingia ndani ya mfereji. Akakisogeza upande mmoja, kikawa juu ya lami. Akakirudisha. Kikakaa mferejini.

Kisha akaanza kukunja karatasi. Alisema mchoro ule ulitoka mbali, kwamba waliouchora hawajafika hapa, kwamba hata yeye aliukuta umekwisha kupigwa mihuri. Niliomba kitu kidogo: vifuniko juu ya mfereji watu wapite, na madodane mawili, yaani matuta ya kupunguza mwendo, moja penye shule na moja penye kipande chetu. Aliandika katika daftari. Alisema itaangaliwa. Wasomaji wangu wa Kongo wanalijua neno hilo vizuri kuliko mimi.

Watu wa mtaa walitaka kujenga tuta lao la udongo na mawe. Niliwakatalia, kwa maana nilikuwa nimekwisha kumuuliza injenia: tuta bila alama na bila kipimo linaua wenye pikipiki, na siku hiyo mimi ndiye ningekuwa mchoraji. Walinikasirikia. Wakasema nimenunuliwa kwa kiti.

Mvua zilipokwisha, daktari aliuzungusha mguu wangu, akanitembeza kutoka mlango hadi dirishani, akaniambia magongo sasa ni ya kuni. Nilitoka pale nimeyabeba begani. Hujui furaha ile. Nilipanga kwenda stesheni kuuliza treni ya Kabalo.

Asubuhi iliyofuata nilitembea na Yaya kwenda sokoni, mikono mitupu. Pikipiki zilitupita kwa kasi hata kitenge chake kikapeperuka, na wote walitupigia honi: pembeni, pembeni. Alisimama. Mama watatu wenye mabeseni waliokuwa nyuma yetu wakasimama pia.

"Ulipokuwa na magongo hawakufanya vile," alisema Yaya.

Ni kweli. Sikuwa nimeliona. Miezi ile nilipochechemea ukingoni mwa lami, kila mwenye tairi alipunguza. Mtu mwenye magongo hawezi kuambiwa aruke. Na mama wale walikuwa wamekwisha kujua, wakawa wanapanga saa zao za kwenda sokoni kwa saa zangu, bila kuniambia.

"Shika magongo ingine siku kidogo," akaniomba. "Mpaka walete dodane."

Huyu ndiye aliyenidanganya kwa kuku, na aliyenifuta. Nilirudi nyumbani kuyachukua kabla hayajatiwa jikoni.

Kwa hiyo wewe uliyelala chali, nakuambia ukweli: mguu unapona. Nenda hospitalini kwanza, ngoja umeme, usiogope shuka la mwenzako. Uliza kila swali, hasa lile ambalo jibu lake litakuchelewesha. Mimi nimepona. Naweza kutembea hadi Kabalo nikitaka. Lakini kila asubuhi, jua likichomoza, natia magongo kwapani na kushika ukingo wa lami, Yaya nyuma yangu na mabeseni nyuma ya Yaya, mstari mrefu, na pikipiki zinapunguza mwendo, za kina Papa Lukas na za wageni.

Juzi mmoja wa wageni hao alikwenda sambamba nami, taratibu, akaniuliza kwa huruma mguu wangu utapona lini.

Nikamwambia tunamngoja injenia.